Kiti cha kushonea: anza na cherehani, kiti kije mwisho

Mafundi wengi wa hapa Dar tukipata hela kidogo tunanunua ovalok (mashine ya kuzungushia kingo za nguo), tukipata nyingine tunafunga mota kwenye cherehani ya Butterfly, tukipata tena tunabadili pasi, ila kile tunachokikalia toka asubuhi mpaka usiku ni kiti cha plastiki ambacho hata hakikununuliwa kwa ajili ya kazi, kimetoka sebuleni, au kilibaki uani baada ya shughuli na mwenyewe mpaka leo hajaja kukidai. Halafu ifike mwezi wa 12 na wa kwanza, sare za shule zimejaa mpaka juu ya kabati, ndo unasikia kila mtu analia kiuno, mwingine bega, mwingine shingo, mwingine miguu inakufa ganzi, na dawa za kuchua zinaisha duka la jirani.

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye sehemu ya kushonea, iwe fremu ya barabarani Tandika, kibaraza cha Mbagala au kona ya chumba cha kulala Sinza. Msimamo wangu nausema mapema: kiti kizuri cha kushonea sio kile laini. Ni kile ambacho kimo chake kinakubaliana na cherehani yako na kiwiko chako, ulaini unakuja baadae na unapatikana kwa hela ndogo tu. Watu wanafanya kinyume, wanaingia dukani wanabonyeza sponji kwa kidole, wanasema aah hiki kinanesa, wanalipa, wanakipakia kwenye bajaji, wakifika nyumbani kiwiko kiko chini ya meza.

Hatua ya 1: Angalia nguo inapita wapi

Usianze na kiti kabisa. Chukua futi kamba, pima toka sakafuni mpaka kwenye kile kibati cha chini ya sindano, pale nguo inapopita. Sio juu ya meza, juu ya kibati. Hii inawachanganya wengi kwa sababu cherehani hazifanani.

Cherehani ya kukanyaga, hizi Singer na Butterfly za miguu, mashine imezama kwenye meza yake kwahiyo kibati kiko sawasawa na ubao, mara nyingi inakuja kama inchi 30 toka chini, ambayo ni kama sentimita 76. Zile za kiwandani, Juki na ndugu zake, nazo zimezama hivo hivo, ila meza yake ina miguu ya chuma yenye bolti, unaweza kuipandisha au kuishusha, na watu wengi hawajawahi hata kuzigusa hizo bolti toka mashine ilipotoka Kariakoo. Sasa shida kubwa iko kwa hizi cherehani ndogo za umeme za kuweka juu ya meza. Hizi hazijazama popote, nguo inapita inchi 3 mpaka 4 juu ya ubao, kwahiyo ukiiweka kwenye meza ya kulia chakula ya inchi 30, mikono yako inafanya kazi kwenye inchi 33 au 34. Hapo kiti cha kawaida kinakuwa kifupi mno, unashona mabega yamepanda karibu na masikio kama mtu anayesikia baridi, na Dar hii baridi iko wapi.

Andika hiyo namba pembeni, tutaitumia.

Hatua ya 2: Jipime wewe mwenyewe

Hapa ndo penye kazi, usiparuke. Kaa kwenye kitu kigumu kisichobonyea, benchi au stuli ya mbao, mbele ya cherehani yako, umevaa viatu au ndala unazovaaga ukishona (kama unakanyaga peku basi kaa peku). Acha mabega yashuke, mikono ikunjike kwenye kiwiko mpaka ifanye kona kama ya herufi L. Angalia kiwiko kiko wapi ukilinganisha na kibati. Tunachotaka ni kiwiko kiwe sawa na kibati, au chini yake kidogo sana, inchi moja hivi inaruhusiwa kama unashona vitu vya kuangalia kwa karibu, kola, darizi, mifuko ya suruali. Kikiwa chini zaidi ya hapo, weka chini ya makalio yako vipande vya mbao, au vitabu, au khanga zilizokunjwa zikabanwa vizuri, ongeza kimoja kimoja mpaka kiwiko kifike. Bora uwe na mtu pembeni akuangalie kwa ubavuni maana mwenyewe ukigeuka kujiangalia mabega yanahama.

Ukifika, usinyanyuke kwanza. Mwambie huyo mtu apime toka sakafuni mpaka unapogusa hilo rundo, ukiwa umelikalia. Hiyo ndo namba yako. Kwa mtu wa kimo cha kawaida na cherehani ya kukanyaga, mara nyingi inaangukia inchi 19 mpaka 21. Sasa chukua kiti chako cha plastiki ukipime, kitakuambia 17, pengine pungufu. Hizo inchi mbili tatu ndo zinazokula bega lako miaka yote hiyo.

Pima na kitu kingine ukiwa hapo hapo: toka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, pale panapokunja. Toa inchi 2. Hicho ndo kina cha kiti, yaani ubao wa kukalia usizidi hapo kwenda mbele. Kwa wanawake wengi inakuja inchi 15 au 16. Kiti kikiwa na kina kirefu kuliko paja lako mambo mawili yanatokea, ama ukingo wake unakubana nyuma ya goti na miguu inakufa ganzi, ama unasogea mbele kuukwepa na mgongo wa kiti unabaki huko nyuma unaegemewa na begi la mteja. Kipimo rahisi ukiwa dukani huna futi: kaa mpaka nyuma kabisa, kati ya ukingo wa kiti na kunjo la goti vidole vitatu vipite bila kulazimisha.

Hatua ya 3: Fikiria miguu

Ukishapandisha kiti mpaka inchi 20, kuna watu miguu itaning'inia. Kwa cherehani ya kukanyaga haina noma sana kwa sababu ile pedali ya chuma yenyewe imenyanyuka toka chini, miguu inaifikia, angalia tu magoti yasigonge ubao wa meza kwa chini pedali ikipanda. Kwa cherehani ya kiwandani angalia na kile kidude cha goti cha kunyanyulia mguu wa mashine unaobana kitambaa, kisikulazimishe kutanua paja.

Kwa cherehani ya umeme ya mezani ndo kuna ufundi. Pedali yake ni ndogo iko sakafuni, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unahangaika hewani, baada ya saa nzima kiuno kimelala upande mmoja. Chukua ubao mpana wa kutosha miguu yote miwili, upe unene wa hizo inchi zinazopungua, gongelea vipande vya tyubu ya baiskeli juu na chini ili pedali isikimbie na ubao wenyewe usiteleze kwenye marumaru. Ubao huo seremala yeyote wa mtaani anakukatia kwenye mabaki yake.

Na kabla hujatumia hela kwenye kiti kirefu, jiulize kama sio rahisi kuishusha meza. Meza ya mbao unayotumia kwa cherehani ndogo ikikatwa miguu inchi 3 umemaliza nusu ya tatizo kwa dakika kumi za msumeno. Ila kama ni ya kulia chakula ya familia, sijasema mimi.

Hatua ya 4: Chagua njia yako, ziko tatu

Njia ya kwanza, ya hela ndogo, ni kukirekebisha hicho hicho cha plastiki. Chukua kisichokuwa na mikono maana mikono inagonga meza na inakuzuia kusogea. Panga viwili kimoja juu ya kingine, utaona mafundi wengi wanafanya hivo, vinaongeza kimo na vinakuwa imara zaidi, ila angalia visiwe vimekaa juani miaka, plastiki iliyochomwa na jua inakuwa kavu rangi imepauka na siku moja mguu unapasuka wewe uko juu. Tatizo la pili la viti hivi ni kwamba vimelala kwa nyuma, vimetengenezwa mtu ajiegemeze anywe soda asikilize kamati ya harusi, wakati fundi anainamia mbele. Dawa yake ni mto wa sponji uliokatwa kama kabari, nyuma inchi 3 mpaka 4, mbele inchi 1 na nusu. Ukiukalia nyonga zinanyanyuka kuliko magoti, kiuno kinarudi kwenye lile pindo lake la asili bila wewe kujikaza. Aisee tofauti utaisikia siku hiyo hiyo.

Njia ya pili ni viti vya ofisi vya kuzunguka, vipya au vya mtumba. Vya mtumba kutoka Ulaya mara nyingi ni vizito na imara kuliko vipya vya bei chee, ila usinunue kwa kuangalia tu. Fanya hivi: kipandishe mpaka juu, kaa na uzito wako wote, anza kubishana bei. Bishana taratibu, omba punguzo, uliza kama kuna rangi nyingine, uliza habari za watoto. Kama wakati mnaongea kimeshuka hata nusu inchi, haidroliki yake (ile silinda inayokipandisha na kukishusha) imechoka, simama ondoka. Muuzaji atakuambia kinahitaji gesi tu kinajazwa, hakijazwi. Halafu angalia ule mguu wa chini wa nyota, uwe na matawi matano, wa plastiki upige kwa kifundo cha mkono usikilize kama kuna ufa, wa chuma angalia kutu kwenye maungio, maana hewa ya chumvi hapa kwetu haichagui hasa kama uko Kigamboni au Msasani. Na zungusha kila tairi kwa mkono.

Kama tayari unacho nyumbani kilichokufa haidroliki, kuna njia ya kukifanya kibaki kwenye kimo kimoja: kata bomba la plastiki la maji urefu unaotaka, lipasue upande mmoja kwa wima, livishe kwenye ile fimbo ya chuma inayong'aa, kiti kitakaa pale pale hakishuki tena. Ila nakuomba sana usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea akaichoma ile silinda. Mle ndani kuna gesi imeshindiliwa kwa presha kubwa, ikipata moto inaweza kupasuka na chuma kikaruka. Wapo watu wanafanya na wanasema mbona haijatokea kitu, waache.

Mikono ya kiti cha ofisi karibu yote inafunguka kwa bolti chini, ifungue uiweke stoo. Matairi sasa. Kama unakanyaga cherehani ya miguu, matairi hapana, kila ukisukuma pedali kiti kinarudi nyuma na wewe unakifuata kwa tumbo, utachoka kuliko mwanzo. Kama una mota na unahama hama kati ya cherehani, ovalok na meza ya pasi basi matairi yanakusaidia kweli, lakini kwenye marumaru chukua yale yenye mpira laini kwa nje, yale magumu ya plastiki yametengenezwa kwa ajili ya zulia na kwenye marumaru yanateleza na kukwaruza.

Njia ya tatu, na mimi ndo naipenda, ni kuchongesha. Keko kuna maseremala mpaka unachoka kuhesabu, na hata usipoenda Keko kila mtaa una mtu ana randa na msumeno, fundi wa skwea paipu (yale mabomba ya chuma ya pembe nne) ndo usiseme. Uzuri wa kuchongesha ni kwamba ile namba yako ya hatua ya 2 unaipata kamili, hakuna kiwanda kinachokujua wewe na meza yako. Ubaya ni kwamba seremala amezoea viti vya kulia chakula, mkono wake unaenda wenyewe kwenye inchi 17 na kulaza kiti nyuma, kwahiyo lazima usimame naye. Mazungumzo yanakuwaga hivi:

"Mama, inchi 20 hiyo si stuli ya baa?"

"Fundi wangu, we chonga hivo hivo, mi ndo ntakaa."

"Na hii miguu ya nyuma unataka iwe mirefu kuliko ya mbele? Si utaanguka?"

"Nusu inchi tu fundi. Nataka kiniegemeze kwenye kazi, sitaki kiniegemeze kwenye usingizi."

Hapo atacheka, ataandika kwenye ubao kwa penseli, na ukiondoka anaweza akachonga alivyozoea, kwahiyo mchoree. Karatasi moja, kiti kwa ubavuni, namba zote zimeandikwa. Namba zenyewe ni hizi: kimo cha kukalia (ile namba yako ukiwa umetoa unene wa sponji iliyobonyea, nakuja huko), kina inchi 15 au 16, upana inchi 17 au 18 na kama Mungu amekujalia nyonga ongeza bila aibu, ukingo wa mbele uchongwe uwe wa mviringo kwenda chini usikate paja. Miguu ya nyuma izidi ya mbele kwa nusu inchi, isizidi inchi moja maana ukizidisha utakuwa unateleza kwenda mbele siku nzima unajizuia kwa mapaja.

Sehemu ya kuegemea iwe fupi. Ianze kama inchi 5 au 6 juu ya kikalio na iishie chini ya yale mafupa ya bega yanayofanana na mabawa, ili viwiko viwe huru kwenda nyuma unapovuta kitambaa kirefu. Inabidi iguse pale unapofunga mkanda wa gauni, pale pa kuingia ndani. Nafasi ya wazi chini yake ni muhimu, makalio yanapita nyuma na mgongo ndo unapata pa kuegemea. Seremala akikuwekea ubao mrefu uliosimama wima mpaka shingoni na maua ya kuchonga juu, amekutengenezea kiti cha mgeni rasmi.

Mbao: mninga na mkongo ni imara ila vitakugharimu, paini inatosha kabisa kwa kiti cha kazi ili mradi ni kavu na imepigwa dawa ya wadudu. Mbao mbichi ikija kukauka nyumbani kwako kiti kinapinda na kuanza kugonga gonga sakafuni kila unapokanyaga. Ibebe mkononi, mbichi ni nzito na ukiishika shavuni ina ubaridi. Maungio usikubali misumari peke yake. Cherehani ya kukanyaga inatikisa, na kiti kinatikisika nayo siku nzima, msumari unalegea. Taka mbao ichongwe ulimi uingie kwenye tundu la mwenzake na gundi, halafu kuwe na vipande vya kona kwa chini. Kama ni chuma, skwea paipu ya inchi moja inatosha, mwambie apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo na avishe miguu vifuniko vya mpira.

Advansi toa nusu sio yote. Na kwa tarehe, we mwenyewe ni fundi, unajua "njoo kesho" inavyotengenezwa, sasa na wewe utaambiwa.

Hatua ya 5: Sponji na kava

Hapa ndo watu wanapodanganywa zaidi. Sponji nene laini ukiikalia inaenda mpaka chini, unakuwa umekalia ubao huku umelipia sponji. Chukua ile ngumu, wauza magodoro wanaiita hai densiti, unene wa inchi 2 mpaka 3 inatosha. Ijaribu hivi: ibane kwa kiganja chote na uzito wa mwili, hesabu mpaka kumi, achia. Ikirudi haraka ni nzima, ikibaki na alama ya mkono iache hapo hapo. Kuna na zile zilizogandishwa vipande vipande vya rangi rangi, hizi ni ngumu na za bei nafuu, zinafaa kuwekwa chini halafu juu yake inchi moja ya sponji ya kawaida. Na kumbuka hesabu ya kimo: sponji ya inchi 3 ukiikalia inabonyea, inaweza kupoteza inchi nzima au zaidi. Ikalie dukani kwenye sakafu au ubao, mtu apime imebaki ngapi, hiyo iliyobaki ndo unaitoa kwenye kimo cha mbao. Ukiruka hapa kazi yote ya hatua ya 2 imeenda na maji.

Kwenye kava, leza, ile ngozi ya bandia, hapana. Najua inafutika, najua inang'aa, najua muuzaji amekuambia imetoka Dubai. Joto la hapa kuanzia Desemba mpaka Machi linapita nyuzi 30 na unyevu juu yake, umeme ukikatika feni imelala, leza inakushika mapaja, ukinyanyuka inalia na gauni limelowa nyuma mbele ya mteja. Halafu baada ya muda inaanza kubanduka magamba magamba yanayonata kwenye nguo nyeupe ya bibi harusi. Veleti nayo inakamata joto na vumbi la nyuzi. Tumia pamba nzito, jinzi, au vile vipande vya kitambaa cha suruali vilivyobaki kwenye kapu, we ni fundi bwana, kava hulinunui. Lishone mawili, yenye zipu au kamba za kufunga kwa chini, moja likiwa kwenye kamba ya nguo lingine liko kwenye kiti.

Rangi ya kava chagua iliyotulia ya mwanga mwanga, isiyo na maua. Hii sio urembo. Pini na sindano zinaanguka kwenye kiti unaponyanyuka kwenda kupokea mteja, kwenye kitenge chenye maua huzioni, kwenye kitambaa cheupe cheupe unaziona kabla hujakaa. Hapo umenielewa.

Viti vyenye mgongo wa wavu hewa inapita na ni vizuri kwa joto, ila kikalio kikiwa cha wavu kilichokwisha legea kinakukalisha kama kwenye machela, kisukume kwa ngumi kabla hujalipa.

Hatua ya 6: Kijaribu kwa kazi, sio kwa kukaa

Dukani au kwa seremala usikae sekunde mbili ukasema kiko poa. Kaa kama dakika kumi. Inama mbele, nyoosha mikono kama unasukuma kitambaa chini ya sindano, kanyaga kanyaga hewani, geuka kushoto kama unachukua mkasi. Watakuangalia, waache wakuangalie. Ukifika nacho nyumbani shona sketi moja yote kuanzia kuweka zipu mpaka pindo halafu sikiliza mwili unasema nini. Bega na shingo kwa juu vikiuma, kiti bado ni kifupi au meza ni ndefu. Ganzi nyuma ya mapaja, kiti ni kirefu kwa miguu yako au ukingo unakata, rudi kwenye ubao wa miguu. Kiuno kwa chini kikiuma angalia kama unagusa sehemu ya kuegemea kweli au unakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Maumivu ya shingo kwa nyuma mara nyingi hata sio kiti, ni mwanga, taa iko mgongoni unainama kutafuta tundu la sindano, na kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, ukikining'iniza mbele siku nzima misuli ya shingo ndo inakibeba. Sogeza taa ije mbele ubavuni, na kama umri umefika kapime macho.

Ganzi ikiwa inaendelea hata usiku ukiwa umelala, au maumivu yanashuka toka kiunoni mpaka unyayoni, hapo nenda hospitali, hakuna mto wa sponji utakaotibu hiyo.

Na hata kiti kiwe cha dhahabu, nyanyuka kila baada ya nusu saa au saa moja, kazi ya pasi na ya kukata iko pale, panga ratiba yako hivo. Kukata usikate umekaa, meza ya kukatia iwe ndefu kama sentimita 90 ufanye umesimama.

Hatua ya 7: Kukitunza

Kila mwezi kaza bolti zote, cherehani inavyotikisa zinalegea polepole huwezi kugundua mpaka kiti kianze kulia. Kiti cha matairi kigeuze juu chini uangalie, nyuzi zinajiviringisha kwenye ekseli ya tairi mpaka zinakuwa kama kibobini kilichojaa, tairi linagoma unadhani limekufa. Zikate kwa wembe, zivute kwa ncha ya sindano ya mkono, tone la mafuta ya cherehani, limepona. Sponji itoe upepo kivulini ukifua kava, usiianike juani siku nzima inaungua na kuanza kumeguka unga. Ukiona inchi 3 zimekuwa 2 hata kama hujakaa, badilisha, na usisubiri mpaka msimu wa sare ufike ndo ukatafute, mwezi wa 12 wauza sponji nao wanakuwa na foleni.